Kaumia mguu, tumbo limekosa nini?

Shoga yangu,

Swali lako la juzi usiku sikulijibu vizuri, nilikuwa zamu na wewe ulikuwa unalia. Uliuliza: kaka kaumia mguu, mbona manesi wanahangaika na tumbo lake? Mrija puani, maziwa tone kwa tone, daktari kila asubuhi anambonyezabonyeza. Leo nimepumzika, nakuandikia.

Utumbo kwa ndani umefunikwa na tabaka moja tu la seli. Moja! Unene wake haufikii unywele. Upande huu kuna bakteria wasiohesabika, upande wa pili kuna damu. Seli zenyewe hazidumu: kila baada ya siku 3 hadi 5 zimeshapukutika, nyingine zimepanda kutoka chini kushika nafasi. Kati ya seli na seli kuna protini zinazozishikanisha kama mshono wa nguo, na juu yake umetandazwa ute wenye kingamwili za kunasa vijidudu kabla havijaugusa ukuta.

Sasa mtu amepondeka mguu na kuvuja damu nyingi. Mwili unapeleka damu iliyobaki kwenye moyo na ubongo kwanza. Wa kunyimwa ni ngozi, ndiyo maana ulimkuta na mikono ya baridi, na pamoja na ngozi ni utumbo. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vijidole vidogo sana vya kufyonzea chakula. Mshipa unaopanda na unaoshuka ndani ya kila kijidole umekaribiana mno na mwenzake, kwa hiyo oksijeni huvuka njiani na kurudi ilikotoka kabla ya kufika kileleni. Damu ikipungua, ncha ndizo zinazotangulia kufa na kubanduka. Halafu, hili lilinichukua muda kulikubali, damu ikirudishwa inaongeza madhara, kwa kuwa oksijeni inayoingia ghafla kwenye seli zilizoikosa huzaa kemikali kali zinazoziunguza. Kuirudisha ni lazima, lakini hairudi bure.

Huku nako mguu umeshapiga mbiu ya mgambo. Seli za kinga zinamwaga sitokini, yaani kemikali za kupashana habari, na hizo hazibaki mguuni, zinasambaa na damu mwili mzima. Huo ndio mchochota daktari aliokuwa anausema. Zikifika kwenye utumbo, zinazifanya seli zijikaze kwa ndani, na seli zikijikaza hivyo ule mshono unafumuka. Mwanya ukipatikana, vipande vya maganda ya bakteria, vinaitwa endotoksini, vinapenya. Kinga ikivinusa inapandisha hasira zaidi, sitokini zinaongezeka, na mshono unazidi kuachia. Kikulacho ki nguoni mwako.

Uliuliza pia kwa nini mapafu yake nayo yameathirika. Wengi hudhani ni lazima bakteria mzima akutwe kwenye damu ndipo utumbo ulaumiwe. Daktari mpasuaji Edwin Deitch na wenzake walifuata njia nyingine, ile ya limfu, yaani majimaji ya mwilini yanayopita kwenye mirija yake mbali na damu. Damu ya utumbo hupita kwanza kwenye ini, lakini limfu yake hupanda kifuani, ikamwagika kwenye mshipa karibu na shingo, ikaingia moyoni, na kituo kinachofuata ni mapafu. Walipofunga mrija huo wa limfu kwa panya waliovujishwa damu, mapafu yalipona madhara mengi. Binadamu si panya, na mapafu ya kaka yana sababu zake nyingine, kwa hiyo usiende kumwambia daktari kwamba mimi nimesema ni utumbo.

Sasa yale maziwa. Uliona pampu imeandikwa mililita 20 kwa saa ukasema wanamuua kwa njaa. Hapana, shoga. Kwa kuanzia, kiasi kile si cha kumshibisha, ni cha kuzilisha zile seli zenyewe, maana chakula kikipita damu huitwa utumboni na seli mpya huendelea kupanda. Ukimlisha kwa dripu ya mshipani peke yake, ukuta unazidi kusinyaa. Ndiyo maana huanzishwa ndani ya saa 24 hadi 48, presha ikishatulia. Ikiwa bado iko chini sana husubiriwa, kwa sababu chakula kingedai damu ambayo haipo.

Na asikuuzie mtu unga wa glutamini, kirutubisho cha protini ambacho seli za utumbo hukitumia kama chakula. Ilionekana ni dawa yenye akili kabisa, lakini utafiti mkubwa wa mwaka 2013 kwa mahututi ambao viungo vyao vilikuwa vimeanza kushindwa ulikuta waliopewa walikufa zaidi.

Ulisema jana kaka alijamba, manesi wakachekelea, ukaona haya kwa niaba yake. Mimi ningepiga vigelegele, maana ni dalili kwamba utumbo umeanza kufanya kazi. Niandikie siku akipata choo.

Wako wa siku zote.