Barua kuhusu kitana cha kebo

Dar es Salaam

Kwako ndugu yangu na sahibu yangu,

Pokea salamu nyingi, pamoja na pongezi kwa kupata kazi ya kutandaza mtandao katika jengo lile la ghorofa nne huko Tanga. Barua yako imenifikia, na humo umeniuliza kama kuna haja ya kutoa fedha kununua kitana cha kebo, kile kifaa cha kunyooshea na kupangia kebo, ilhali vijana wako wana mikono na maboksi ya kebo tai, vile vikanda vya plastiki vya kufungia nyaya. Haja ipo, ila si ile atakayokueleza muuza duka, ambaye atakuonyesha picha ya raki (fremu ya vifaa vya mtandao) iliyonyooka na kukuacha uamini kwamba unanunua urembo.

Kwa maelezo uliyonipa, kila pachi paneli yako, yaani ubao wa kwenye raki ambako kebo huishia, ina matundu 24, kwa hiyo kebo zitashuka kwenye raki kwa mafungu ya 24. Kebo hizo zimevutwa kutoka vyumba mbalimbali, kila moja kwa wakati wake, na zikifika kwenye trei, ile njia ya kubebea kebo darini, huwa zimepishana na kupandana kuliko mtu anavyoweza kuona akiwa chini. Ukizikusanya kwa mkono na kuzikaza kwa tai, fungu litapendeza kwa nje, lakini ndani kebo namba 3 imeipanda namba 17 na kuizunguka namba 20, na siku mteja atakapotaka moja ihamishwe, fundi atalazimika kukata tai zote kuanzia kwenye raki hadi darini. Hapo ndipo kitana kinapolipa gharama yake.

Chenyewe ni kipande cha plastiki ngumu, aghalabu cha duara, chenye mianya ambayo kebo huingizwa kwa ubavu. Andika lebo ncha zote mbili za kila kebo kabla ya kuigusa, kisha ipe kila moja mwanya wake kwa utaratibu utakaolingana na matundu ya paneli, ukianza na ile ya katikati na kumalizia na za pembeni. Ukishazijaza, kisogeze kitana taratibu kuelekea ncha zilizo huru. Utaona kebo zilizopishana zikijikusanya mbele yake na kufanya nundu; usisukume kwa nguvu, bali simama, itafute ile iliyopanda nyingine, uivute ncha yake itoke, ndipo uendelee. Ndiyo sababu kazi hii hufanywa kabla ya kupanchi kebo, yaani kuzibana nyaya zake kwenye paneli, maana ncha ikishafungwa hakuna tena pa kuipitishia.

Kila unaposogea kiasi cha sentimita 30, funga nyuma ya kitana. Hapa nakusihi uwanyang'anye vijana zile kebo tai na kuwapa mkanda wa velkro, ule wa kitambaa unaojishika na kubandulika. Kebo tai ni kifaa kizuri mahali pake: Maurus Logan wa kampuni ya Thomas & Betts alipata wazo lake mwaka 1956 alipotembelea kiwanda cha ndege cha Boeing huko Marekani, ambako wafanyakazi walikuwa wakifunga mafungu ya nyaya kwa uzi uliopakwa nta, mafundo kwa maelfu, na ombi la hataza likawasilishwa mwaka 1958. Lakini ndani ya kebo ya mtandao mna jozi nne za nyaya zilizosokotwa kwa kipimo, na tai iliyokazwa hadi ganda likabonyea huuharibu msokoto huo, ishara zikaanza kuvujiana. Kwa macho kebo ni nzima. Testa, kifaa cha kupimia kebo, ndiyo itakayoikataa. Velkro ikazwe kiasi kwamba kebo moja iweze kuteleza ukiivuta kwa vidole viwili. Na pale utakapolazimika kutumia tai, kwa mfano kwenye trei ya nyaya za umeme, tafuta bastola ya kufungia, ambayo hukaza kwa kipimo kilichopangwa na kukata ncha ikawa sawasawa, kwa sababu ncha iliyokatwa kwa koleo hubaki na makali yanayochana mikono ya kila atakayefika hapo baadaye.

Kwenye kona uwe macho. Kitana hupenda kujizungusha kidogo kidogo bila wewe kujua, na fungu lote likajisokota pamoja nacho, kwa hiyo tia alama ya markapeni upande wake wa juu na uhakikishe inabaki juu muda wote. Kona yenyewe iwe pana: upinde usipungue mara nne ya unene wa kebo, na mimi huongeza, kwa kuwa plastiki haidai chochote kwa kupewa nafasi.

Usivunje mafungu ya 24 ili kuyaunganisha kuwa moja kubwa, hata kama trei inaruhusu. Umesema kamera na vifaa vya Wi-Fi vitapata umeme kupitia kebo hizohizo, na kiwango cha 802.3bt cha mwaka 2018, kinachohusu umeme kupitia kebo za mtandao, kinaruhusu swichi (kifaa kinachounganisha kebo zote) kutoa hadi wati 90 kwa tundu moja. Umeme huo huzipasha moto kebo, na zilizo katikati ya fungu nene hazina pa kutolea joto, sembuse kwenye dari zetu za pwani mwezi wa Februari.

Jambo moja litakushangaza. Mteja akibadili mawazo na kutaka Cat6A (daraja la kebo lililo juu ya Cat6) isiyo na kinga ya foili, usizichane, yaani usizipitishe kwenye kitana, kwa urefu wote. Kebo hiyo hupimwa hadi megahezi 500, na zikilala bega kwa bega, jirani yuleyule kwa makumi ya mita, huvujiana zaidi kuliko zikikaa ovyo kidogo. Ziache zilale huru kwenye trei, uzichane mita mbili tatu za mwisho tu, pale zinapoingia kwenye raki. Wapo watakaokulaumu kwamba hukumaliza kazi. Waonyeshe majibu ya testa.

Kuhusu ununuzi, usichukue kitana cha kwanza utakachoona. Mwanya ukiwa mpana, kebo huchomoka na kurudi kwenye vurugu. Ukiwa mwembamba, hulikwaruza ganda na kumfanya kijana atumie nguvu. Cat6 nyingi zina unene wa karibu milimita 6, na Cat6A huzidi hapo, lakini viwanda hutofautiana. Kata kipande kwenye boksi ulilokwisha kununua, ukipime unene kwa kalipa, kile kipimio cha taya mbili, kisha uniandikie kipimo hicho kabla ya Ijumaa, kwa kuwa siku hiyo nitakuwa Kariakoo na naweza kukutafutia viwili vya saizi hiyo na kuvituma kwa basi.

Wasalimie shemeji na watoto.

Wasalaam,
Ndugu yako