Paneli ilitokana na betri zilizooza

Tanga, Jumapili jioni

Sahibu yangu Baba Asha,

Salaam nyingi kutoka huku. Sisi ni wazima, mvua za vuli zimeanza kudondoka, na mama anakusalimu sana, anauliza lini utamletea tena pweza mkavu.

Nina deni lako la siku nyingi. Siku ile tulipokuwa juu ya paa kule Kilindoni tukifunga paneli, jua limetukalia utosini, uliniuliza ni nani aliyewaza kwanza kwamba kigae cheusi kilichoanikwa juani kinaweza kuwasha taa. Nikakujibu kwa mkato, "Wamarekani," tukaendelea kukaza bolti. Jibu lile halikuniridhisha hata mimi. Tangu hapo nimekuwa nikisoma kila nikipata nafasi baada ya vipindi, na nilichokikuta kimenigusa kuliko nilivyotarajia.

Paneli ilianzia kwenye taabu ya betri, tena betri za nchi za joto na unyevu kama kwako Mafia. Kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, ilikuwa na nyumba yake ya utafiti iitwayo Maabara za Bell, iliyoanzishwa mwaka 1925. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mhandisi wao mmoja, Daryl Chapin, alipewa kazi ya kutafuta umeme wa kuendeshea mitambo ya simu mahali pa mbali penye joto na unyevu, kwa kuwa betri kavu zilikuwa zikiharibika huko kabla ya wakati wake. Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwanza. Nilimwona bibi yangu Pangani, amepanga betri za redio kwenye ungo, anazigeuza juani kama anavyogeuza dagaa, ili saa mbili usiku apate japo taarifa ya habari. Unaijua ile chumvi nyeupe inayotoka kwenye betri ikala springi mpaka zikashika ukijani. Chapin alitumwa kuitafutia dawa taabu hiyohiyo.

Alianza na madini ya seleni, ambayo tayari ilijulikana kwamba ikipigwa na mwanga hutoa umeme. Ikatoa kidogo mno, chini ya asilimia 1 ya nguvu ya jua lililoipiga. Kumbe katika maabara hizohizo, kule Murray Hill, New Jersey, mwanafizikia Gerald Pearson na mkemia Calvin Fuller walikuwa na shughuli nyingine kabisa. Walikuwa wakitia silikoni, kitu kinachotolewa kwenye mchanga, chembe chache sana za vitu vingine ili wautawale umeme unavyopita ndani yake. Pearson akaunganisha kipande kimoja na ameta, kile kipimo cha umeme, akakimulika, mshale ukaruka. Akaenda kwa Chapin, akamwambia aachane na seleni, ajaribu hiki. Wakahangaika watatu hao mpaka tarehe 25 Aprili 1954 wakaonyesha watu pembea ndogo ya kuchezea ikizunguka kwa mwanga mtupu. Kigae chao kiligeuza kiasi cha asilimia 6 ya nguvu ya jua kuwa umeme. Hizi tunazofunga sisi leo zinafika 20 na kuzidi.

Nakuomba uishike hiyo sehemu ya Pearson kwenda kwa Chapin. Majengo ya Murray Hill yalijengwa kwa makusudi na korido ndefu sana, mtu asiweze kwenda kula bila kukutana na wa fani nyingine. Chuoni kwetu tuna ukuta kati ya karakana ya umeme na darasa la sayansi, na walimu wa pande mbili hatujuani tunafanya nini. Nimepeleka ombi la kutoboa mlango. Bado sijajibiwa, lakini sitachoka kuuliza.

Na kelele! Wewe mtu wa redio za boti utaipenda hii. Miaka ya mwanzo ya 1930 mazungumzo ya simu ya kuvuka Atlantiki yalipita hewani kwa redio, na yalichakacha. Kijana wao Karl Jansky akaambiwa atafute mchakacho unatoka wapi. Akajenga antena ndefu kiasi cha mita 30 kwenye uwanja wa Holmdel, akaiweka juu ya magurudumu ya gari la Ford, ikawa inajizungusha polepole. Akasikiliza miezi na miezi. Akatenga radi za karibu, akatenga radi za mbali, ikabaki sauti moja nyembamba kama mafuta yanayochemka mbali, isiyotaka kuondoka. Mwanzo alidhani ni jua. Lakini kilele chake kilikuwa kinawahi kila siku kwa dakika 4, kinarudi baada ya saa 23 na dakika 56, na hiyo ni saa ya nyota, siyo ya jua. Sauti ilikuwa inatoka katikati ya Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaovuka anga usiku, upande wa lile kundi la nyota ambalo wazee wetu wa pwani wanaliita Kausi. Mwaka 1933 akatangaza. Alitumwa kutafuta ubovu wa simu, akawa binadamu wa kwanza kusikia redio ya mbinguni. Inaniuma kwamba alihamishiwa kazi nyingine na akafariki mwaka 1950, hana hata miaka 45.

Miaka 30 baadaye, eneo hilohilo la Holmdel, Arno Penzias na Robert Wilson walikutana na kelele nyingine isiyokoma, popote walipoelekeza antena yao. Walisafisha hata kinyesi cha njiwa waliokuwa wamejenga kiota ndani. Haikuondoka. Ilikuwa joto lililobaki tangu mwanzo wa ulimwengu, na mwaka 1978 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Transista je, kile kijidude kinachokuza umeme ndani ya redio? Hiyo nimewaonyesha wanafunzi kwa mikono yangu, maana maneno hayatoshi. Desemba 1947 Walter Brattain alichukua pembetatu ya plastiki, akaizungushia ukanda wa dhahabu, akaukata nchani kwa wembe mpaka ukawa vipande viwili vilivyoachana kwa upenyo mwembamba kuliko unene wa karatasi. Akaigandamiza kwa springi juu ya kijiwe cha jemaniamu, kitu cha jamii ya silikoni. Sauti iliyoingia ndogo ikatoka kubwa, bila valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, na bila kungoja zipate moto. Nilikata bati la sigara kwa wembe darasani, tukashindana nani ataacha upenyo mdogo zaidi. Hakuna aliyewakaribia. John Bardeen ndiye aliyekuwa na nadharia, na William Shockley alikuwa mkuu wao. Tuzo ilipotolewa mwaka 1956 walipewa wote watatu. Huyo Shockley baadaye alizunguka akihubiri kwamba watu weusi wamezaliwa na akili pungufu. Sikuwaficha wanafunzi. Niliwaambia alichogundua na alichosema, vyote viwili, na mmoja wao akiwa bado ameshika wembe akasema, "Mwalimu, tuendelee kukata."

Yako mengi mno. Claude Shannon, aliyetupa mwaka 1948 hesabu ya kupima habari kwa biti, yaani sifuri na moja. Unix, programu ya kuendeshea kompyuta, na C, lugha ya kuandikia programu. Kifaa cha kunasa picha bila filamu, cha mwaka 1969. Na walikuwa pia na watu waliofukia nguzo za simu ardhini wakakaa miaka wakizitazama zinavyooza na kuliwa na mchwa. Hao siwaoni wakitajwa sana, nami nawaheshimu sawasawa na wenye tuzo.

Pesa zilitoka kwenye bili za simu za wananchi, kwa kuwa kampuni ilikuwa karibu peke yake nchini. Serikali ilipoibana mwaka 1956 ikalazimika kuziachia hataza zake za zamani, yaani haki za uvumbuzi, zitumike bila malipo, na mimi naona hilo liliisaidia dunia kuliko ushindi wowote wa mahakamani. Mwaka 1984 kampuni ilivunjwa vipande. Maabara zipo bado, siku hizi chini ya Nokia, lakini ule ukubwa haukurudi. Mtu wa kukaa miezi akisikiliza mchakacho anahitaji mshahara usioyumba.

Sasa nina ombi. Ile redio ya valvu ya marehemu baba yako, kama haijaliwa na mchwa, mpe Asha aje nayo akija likizo. Nataka vijana waiwashe, waishike kwa juu waone inavyopata moto, ndipo niwape transista mkononi. Aifunge kwa nguo, valvu hazipendi mtikisiko wa boti. Nitairudisha mwenyewe Januari, na nitakuja na ile ameta yangu tupime paneli za Kilindoni, maana uliniambia zimeanza kupungua nguvu na nadhani ni chumvi ya bahari imeingia kwenye viunganishi.

Nisalimie wote nyumbani.

Sahibu yako,
Mwalimu