Ngazija haiishi kwa siku moja

Mhariri,

Makala yenu kuhusu barabara ya pwani ya Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, ilinifurahisha, kisha ikaniuma. Ilinifurahisha kwa sababu Unguja tuko wengi wenye bibi au babu aliyetoka kule, na ni nadra kukiona kisiwa hicho gazetini. Iliyoniuma ni nasaha yenu ya mwisho: kodi gari Moroni asubuhi, zunguka kisiwa, magharibi uwe umesharudi.

Kuzunguka hivyo kunawezekana. Lakini mwenye haraka hiyo ataipita Singani bila kushuka. Ataona jiwe jeusi limetanda kando ya barabara, atapiga picha, ataondoka. Jiwe lile ni moto ulioshuka ubavuni mwa mlima wa volkano wa Karthala Aprili 1977, ukakifukia kijiji. Nilisimama pale na bibi mmoja aliyekuwa akitoka shamba na mkungu wa ndizi kichwani. Hakuutua. Alininyooshea kidole tu palipokuwa na nyumba ya wazazi wake. Mimi nikaona jiwe na majani machache yaliyochipua kwenye nyufa.

Mlima wenyewe una mita 2,361 na mara nyingi kilele hakionekani kwa mawingu. Mvua yake ni kubwa, lakini kisiwa hakina mto unaotiririka mwaka mzima, kwa kuwa ardhi ile ya volkano huyanywa maji yote. Watu hukinga ya paa na kuyaweka kwenye birika. Mgeni akikaribishwa gilasi ya maji kijijini, ajue kilichomo.

Upande wa kaskazini, Mitsamiouli na mibuyu yake, mmeusifu vizuri. Sina la kuongeza, ila kwamba zipo fukwe zinazochotwa mchanga wa kujengea hadi yakabaki mawe matupu, na hilo hamkuligusa.

Tena mtu akipita mbio atasalimiana na nani? Mtoto aliponiambia "Kwezi" nilibabaika. Mzee aliyekaa kwenye bangwe, uwanja wa kijiji wa kukutania, akanifundisha kuitikia "Mbona", kama sisi tunavyoitikia "Marahaba".

Naomba mrekebishe nasaha ile. Waambieni wasomaji watenge siku tatu, na usiku mmoja walale kijijini upande wa mashariki. Na mkimtuma mwandishi tena, ashuke Singani aulize nyumba zilikuwa wapi. Wanaokumbuka wangalipo.

Msomaji wenu,
Mji Mkongwe, Unguja