Kaukau za mkate wa ajemi: mbona zako zinalegea, na mbona zetu zina bei ile

Haipiti wiki bila mteja kutuuliza: mkate wa ajemi ni rahisi, vipi pakiti ya kaukau zake iwe ghali? Juzi mmoja katuandikia kwa hasira. Kajaribu nyumbani, jioni zikalika vizuri, asubuhi zimelegea zote. Basi kaamua kwamba sisi tunatia dawa na tunawaibia watu. Dawa hatutii. Tunakausha mkate mpaka ukauke kweli, na hiyo ndiyo kazi mnayoilipia.

Mkate tunaulaza kwanza, maana uliotoka tanuri leo bado una maji mengi. Kesho yake tunaupasua katikati, kila ganda mbali, ndipo tunakata pembetatu. Wengi hukata mkate mzima na matabaka yake mawili: nje unaungua, ndani unabaki laini. Mafuta hupakwa kwa brashi, vijiko viwili vya chakula kwa mikate minne, halafu chumvi laini, bizari nzima iliyokaangwa kavu ikasagwa, pilipili ya unga na habasoda. Kitunguu saumu tumia cha unga. Kibichi kina maji, na kikiungua kinakuwa kichungu hata bizari huisikii. Ukitaka ukali wa ndimu, nyunyiza ndimu ya unga zikishatoka jikoni. Ukikamulia ndimu yenyewe umezilowesha upya.

Sasa moto, na hapa ndipo watu wanapoharibu. Sisi tunaoka nyuzi 170 hadi 180, vipande vimepangwa tabaka moja, dakika 10 hadi 12, tunageuza katikati. Mwenye haraka anapandisha hadi 220. Rangi ya dhahabu inakuja mapema, anatoa, kumbe katikati maji yamo. Usiamini rangi. Chukua kipande kinene kuliko vyote, kiache kipoe, ukivunje. Kikipinda kabla ya kukatika, rudisha trei kwenye moto mdogo, nyuzi 130, dakika nyingine 10.

Halafu usifunge za moto! Kuna familia ilikuwa na shughuli wakati wa masika. Wakachukua nusu kwetu, nusu wakaoka wenyewe kupunguza gharama, wakazitia kwenye mifuko zikiwa bado na joto. Mvuke ukageuka maji ndani ya mfuko, na asubuhi wakaja kununua nusu nyingine kwetu, juu ya unga, mafuta na gesi waliyokwisha kuchoma. Zetu hupoa juu ya waya mpaka ziwe baridi kabisa, ndipo zinaingia kwenye kopo la kufunga.

Wapo wanaotuletea chapati za kusukuma zilizobaki tuwakaushie. Tunakataa. Mafuta yamo ndani ya kila tabaka, hazikauki sawasawa, na zikikaa zinanuka mafuta ya zamani. Hatutaki jina letu liende na harufu ile.

Kuhusu bei, pimeni wenyewe: kilo moja ya mikate ikishakauka haifiki robo tatu kilo, kabla ya kuhesabu mafuta na viungo. Mnanunua mkate uliotolewa maji, na gesi iliyoyatoa.

Mwenye mikate yake ya ajemi alete imelala usiku mmoja, viungo anavyopenda mwenyewe. Tutamwokea kwa malipo ya jiko tu, achukue jioni zikiwa zimepoa.