Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha wa Marekani: Pesa ya sufuria na turubai

Kisauni, Mombasa

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni raia wenu, na raia wa Kenya pia. Nilifanya kazi ya uuguzi Minneapolis miaka 22, nikastaafu, nikarudi kwetu. Kodi ya pensheni yangu silalamikii. Ninalolalamikia ni riba.

Nina shilingi 800,000 kwenye akaunti ya muda maalum. Mwaka jana zilizaa 72,000. Kabla sijazitia machoni, benki ilikata asilimia 15 ikapelekea KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, nikabakiwa na 61,200, kama dola 474. Kwa Kenya, yameisha hapo. Kwenu, mnaotoza raia popote alipo, ndiyo kwanza yanaanza: niandike riba yote kwenye fomu yenu ya kodi, 1040, nieleze kwamba nina akaunti ng'ambo (ng'ambo gani, nami benki naenda kwa miguu?), kisha niipunguze ile kodi ya Kenya kwenye kodi yenu. Kwa kuwa Kenya imeshakata zaidi ya ambacho ningedaiwa nanyi, kwenye riba hiyo mnapata sufuri. Mhasibu anayezijua fomu zenu hapati sufuri. Ananitoza dola 450.

Mdogo wangu si raia wenu. Yeye akikaa hapa hapa Mombasa na kuweka dola zake benki ya Chicago, riba yake hamuitozi hata senti. Ndivyo sheria yenu ilivyo. Mgeni mnamsamehe, wa nyumbani mnampekua mifuko.

Kisha kuna ripoti ya akaunti za nje, FBAR. Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha kina mama. Sahihi yangu iko benki, pesa si zangu. Chama kina shilingi 600,000. Kwa kuwa mnahesabu hata akaunti ninayoitilia sahihi tu, zikijumlishwa na zangu nimevuka dola 10,000, kiwango cha kulazimika kuripoti. Basi nalazimika kuwaandikia namba ya akaunti ya wanawake ambao hata pasipoti hawana. Nilipomweleza mwenyekiti wetu, aliniuliza, "Marekani inataka nini na pesa ya sufuria na turubai?" Nilikosa jibu. Nikisahau, hata bila kukusudia, faini yaweza kuzidi dola 10,000 kwa ripoti moja. Na kwamba ihesabiwe kwa ripoti, si kwa kila akaunti, ilibidi Mahakama ya Juu yenu iamue mwaka 2023 katika kesi ya Bittner.

Najua kutoza raia popote alipo kulihalalishwa tangu kesi ya Cook na Tait, 1924. Najua pia mbunge wenu Darin LaHood aliwasilisha mswada Desemba 2024 ili kodi ifuate makazi, si uraia. Hayo ni ya Bunge lenu. Langu liko mezani kwako, kwa sababu kiwango cha dola 10,000 na sharti la sahihi vimo katika kanuni za wizara yako. Pandisha kiwango hicho. Na akaunti ninayoitilia sahihi tu, iondoe kwenye hesabu yangu.

Mwezi ujao chama kinachagua viongozi. Nimeshawaambia wasinipendekeze.

Wako,
Muuguzi mstaafu