Mjomba, kuhusu kitabu chako na changu

Shikamoo mjomba,

Siku ile ulipokuta Biblia yangu sakafuni, karibu na viatu, hukunigombeza. Uliinama ukaiokota, ukaipangusa kwa kiganja, ukaiweka mezani. Ndani imejaa mistari ya kalamu nyekundu na maneno yangu pembeni. Msahafu wako unakaa kwenye marfaa, kile kibao cha kuwekea msahafu, huushiki bila udhu, wala sijaona umeutia hata nukta. Nilidhani ni suala la adabu tu. Kumbe ni imani yenyewe.

Kwako Kurani ni maneno ya Mwenyezi Mungu kama yalivyo, kwa Kiarabu, yaliyoteremshwa kwa Mtume Muhammad kwa miaka 23 hivi. Biblia sisi tunaamini iliandikwa na watu wengi, karne kwa karne, wakiongozwa na Roho. Luka, mmoja wa walioandika Injili zetu, anaanza kwa kusema amejitafutia habari kwa makini tangu mwanzo. Aliyeteremshiwa aya hasemi hivyo. Husema hivyo aliyewauliza walioshuhudia. Ndiyo maana ukiniuliza, "Iko wapi Injili aliyopewa Isa?" nabaki kimya. Hatuamini kwamba Yesu alipewa kitabu. Tunaamini yeye ndiye Neno, naye Neno alifanyika mwili. Ukitaka cha kulinganisha na Kurani kwetu, usichukue Biblia, mchukue Yesu.

Kuhusu wokovu, naomba radhi. Nimesema mara nyingi kwamba Waislamu wanataka kuinunua pepo kwa matendo. Wewe ndiye uliyenisomea hadithi ya Mtume iliyomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, kwamba hakuna atakayeingia peponi kwa amali zake, hata Mtume mwenyewe, ila Mwenyezi Mungu amfunike kwa rehema yake. Nilinyamaza, na nilistahili kunyamaza.

Tunapoachana ni pengine. Kwako Adamu alitubu, akasamehewa, na hakuna abebaye mzigo wa mwingine. Kwangu dhambi imetushika tangu kuzaliwa, na mzigo ulibebwa msalabani. Kurani inakataa kwamba Yesu alisulubiwa. Hapo hatukutani, na sitaki tujifanye tunakutana.

Lakini swali lako juu ya mwana mpotevu, yule wa mfano wa Yesu aliyetapanya mali kisha akarudi kwa baba yake, limeninyima usingizi: baba alisamehe bila damu ya mtu, msalaba wa nini? Mtazame yule baba, mjomba. Mzee mwenye heshima zake anatoka mbio, anamwangukia shingoni kijana aliyetoka kulisha nguruwe. Aibu ya mwana anaibeba yeye, hadharani. Hicho ndicho ninachokiona msalabani.

Nami nina swali, na nauliza kwa kutaka kujua. Sura ya An-Nisaa, aya ya 171, inamwita Isa neno la Mwenyezi Mungu alilompelekea Mariamu. Aya hiyohiyo inatukataza kusema Mungu ni "watatu", hilo nimelisoma. Basi wewe ukifika kwenye hilo jina, neno lake, unaelewa nini?