Kauri inayong'aa mezani haikufa yenyewe

Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa mwisho wa wiki mlichapisha picha ya watoto wawili waliobeba kikapu kilichojaa kauri, yale makombe ya konokono wa bahari, na chini yake maneno ya kuwapongeza kwa kupenda kukusanya makombe ya pwani. Nami ni mpenzi wa makombe tangu udogo wangu, na kwa sababu hiyo picha ile ilinikosesha raha. Kauri zote zilikuwa ziking'aa kama zimepakwa mafuta.

Naomba niwaeleze wasomaji maana ya kung'aa huko. Kauri akiwa hai hutoa nyama yake nje, kama shuka mbili, ikapanda kutoka chini ubavuni mpaka zikakutana mgongoni na kulifunika kombe lote. Shuka hizo ndizo zinazolijenga kombe na kulilinda, mwani usiote juu yake wala mchanga usilikwaruze. Mnyama akifa, kombe hubaki uchi. Jua hulipausha, mawimbi hulisugua, madoa yakafifia. Kauri iliyookotwa ufukweni baada ya kusukwasukwa na maji kwa muda mrefu huwa imechujuka. Zile zinazopangwa mezani kuuzwa kwa wageni, zikiwa na mng'ao wa kioo, karibu zote zilitolewa mwambani zikiwa hai, zikachemshwa au kufukiwa mpaka nyama ikaoza.

Nayasema haya kwa sababu niliyafanya. Nilikulia Jambiani, na siku za bamvua, maji yakitoka mbali kuliko siku nyingine, tulikuwa tukiwafuata akina mama waliokwenda kuokota chaza na kuchokoa pweza. Siku moja niligeuza jiwe nikamkuta kauri ametulia juu ya kitu kama kifungu cha punje nyeupe. Nikambandua, nikarudi mbio kumwonesha bibi. Aliitazama kauri, akanitazama mimi, akauliza: "Na mayai umemwachia nani?" Sikujua kwamba kauri jike huatamia. Bibi alijua, na hakuwa amesoma darasa hata moja. Jiwe lenyewe sikulirudisha lilivyokuwa, kwa hiyo hata vilivyoishi upande wake wa chini viliachwa juani vikauke.

Sisemi watu waache kupenda makombe. Kijijini kwetu kulikuwa na fundi cherehani aliyekuwa na dondo, ile kauri kubwa ya madoadoa, akilitumia kulainishia mishono. Dondo hilo moja alilitumia miaka yote niliyomjua. Nani leo ana haja ya kikapu kizima?

Ninachopendekeza ni kamera, na simu ya kawaida inatosha. Huku kwetu bamvua ina baraka zake: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, mwanga upo tele. Mwanga wa saa hiyo ni mkali, kwa hiyo mwenzako asimame akushikie kanga kukutilia kivuli, vinginevyo utapiga picha ya mmeto wa maji tu. Umkutapo kauri kwenye kidimbwi, usimguse. Ukimgusa hurudisha shuka zake ndani, na picha utakayopata ni ya kombe tu. Mngojee. Nimewahi kungoja karibu nusu saa nikiwa nimechutama, miguu ikafa ganzi, na nilipoona nyama ile yenye vinyweleo ikipanda polepole kulifunika kombe niliona uzuri ambao kikapu cha watoto wale hakiwezi kuubeba.

Kwa makombe matupu, weka sarafu kando yake ili mtazamaji ajue ukubwa, na andika mahali na tarehe. Tena hakikisha simu haikuigeuza picha kama kioo. Makombe ya konokono wa bahari karibu yote hujisokota kulia: ukilisimamisha kombe, ncha juu, mdomo ukikutazama, mdomo huo uko upande wako wa kulia. Hata Rembrandt, mchoraji mkubwa wa Uholanzi, alipochora kombe kwenye bamba la kuchapia mwaka 1650, chapa ilitoka imegeuka, na kombe lake mpaka leo linaonekana limejisokota kushoto.

Kuna jambo jingine: picha yenu ingeweza kugharimu maisha ya mtoto. Katika miamba yetu wapo konokono wenye makombe ya umbo la pia, yenye michoro ya kuvutia sana. Hao wana jino kama chusa lenye sumu, na mmoja wao, yule mwenye kombe jembamba lenye mabaka kama ramani, ameshaua watu. Sumu yake hulegeza misuli mpaka pumzi ikakatika, na dawa ya kuiua hadi sasa haipo. Kumshika kwa nyuma hakusaidii, kwani mrija wake hufika huko. Mtoto anayefundishwa kwamba kila kombe zuri ni la kuokota atamtia huyo mfukoni.

Pwani hii imeshawahi kukombwa. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara kutoka Hamburg walinunua kauri Zanzibar, zile ndogo zenye pete ya manjano mgongoni, wakazijaza melini kwenda kuzitumia kama fedha Afrika Magharibi. Walizipeleka nyingi mno hata thamani yake ikaporomoka huko. Neno kete, tunalolitumia kwenye bao, ni jina la kauri hizo hizo. Vijana wengi wanaocheza bao leo hawajui hilo, na majina mengine ya makombe wanayo akina mama wanaoshinda kwenye mwani na chaza, wala sijaona anayekaa nao kuyaandika.

Kwa hiyo, Mhariri, naomba mchapishe picha nyingine: kauri hai, mahali pake, shuka zake zikiwa nje, na chini yake mwandike jina aliloitwa na mama wa kijiji hicho. Ninazo picha kadhaa za Jambiani na Bwejuu, zina tarehe. Nitazileta ofisini kwenu bila malipo mkizihitaji.

Mwalimu mstaafu,
Unguja